Mcheza kwao hutunzwa: Hyderabad ilivyomuaga Sania Mirza

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huku pwani neno hili twalitumia sana, hasa kwenye ngoma na maharusi, pale bingwa wa kuimba anapotokea mbele ya jamaa zake nao wakamwendea mmoja mmoja kumtuza kwa fedha na vigelegele. Lakini wahenga hawakutwambia tuzo hiyo hutolewa lini. Yuko mcheza kwao anayetunzwa papo hapo, na yuko anayengoja hata jua lake likakaribia kuchwa.

Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023, katika uwanja wa tenisi wa Lal Bahadur mjini Hyderabad, India, watu walikusanyika kumtuza binti yao wa mji, Bi Sania Mirza. Wengi wao walikuwa vijana, na walibeba mabango ya kumshukuru na kumwambia kwamba watamkosa. Sania alikuwa na umri wa miaka 36. Alikuwa amecheza tenisi ya kulipwa kwa miaka 20, na siku ile hakuja kushindania kikombe wala fedha. Alikuja kucheza mechi za kirafiki mbele ya watu wa kwao, kisha aweke raketi chini.

Rafiki zake wa mchezo walitoka mbali ili wamsindikize. Alikuwapo Rohan Bopanna, Mhindi mwenziwe, ambaye alianza kucheza naye tangu Sania ana miaka 14. Walikuwapo Cara Black wa Zimbabwe, Bethanie Mattek-Sands wa Marekani, Marion Bartoli wa Ufaransa na Ivan Dodig wa Croatia. Hata Yuvraj Singh, bingwa wa kriketi, alishika raketi siku hiyo. Sania alipopewa nafasi ya kusema, machozi yalimtangulia. Akaeleza kwamba ni machozi ya furaha, na kwamba hakutaraji kuagwa kwa namna ile.

Mimi niliitazama picha ya siku hiyo zaidi ya mara moja. Mashabiki kulia mchezaji akistaafu si ajabu. Hayo hutokea London na New York pia. Kilichonishika ni kwamba mwanamke huyu aliwahi kufikia hadi ya kuepuka kucheza katika nchi yake mwenyewe. Vipi basi akarudi kumalizia pale pale?

MJI USIO MGENI KWETU

Hyderabad, kwa msomaji wa pwani, si mji wa mbali sana. Wafalme wake wa zamani, walioitwa Nizam, waliajiri askari wa Kiarabu kutoka Hadhramaut, na vizazi vyao wangaliko hadi leo katika mtaa uitwao Barkas, jina lililotokana na kambi za askari. Koo za Kihadhrami za Mombasa, Lamu na Malindi zatoka chimbuko lilo hilo. Tena Nizam alikuwa na kikosi cha wapanda farasi Waafrika, na mtaa walikokaa wajukuu zao waitwa A.C. Guards kwa ajili ya kikosi hicho. Bahari ya Hindi imetuchanganya zaidi ya vile tunavyokumbuka.

Sania alizaliwa Bombay, ambayo leo ni Mumbai, tarehe 15 Novemba 1986, akalelewa Hyderabad katika nyumba ya Kiislamu. Alishika raketi akiwa na miaka 6. Amesimulia mwenyewe kwamba mwalimu wa kwanza aliyepelekewa alimkataa kwa udogo wake, kisha baada ya kumtazama akicheza akawaita wazazi wake waje waone. Viwanja alivyoanzia havikuwa vya saruji wala vya majani mazuri kama ya Wimbledon. Vilikandikwa kwa samadi ya ng'ombe, kama tunavyoona sakafu za baadhi ya nyumba za bara. Baba yake, Imran Mirza, ndiye aliyekuwa mwalimu wake kwa miaka mingi, naye mama yake, Nasima, akisafiri naye kwenye mashindano.

Jamaa na majirani hawakukosa la kusema. Mtoto atacheza juani mpaka awe mweusi, nani atamwoa? Maneno hayo Sania ameyarudia mara nyingi katika mazungumzo yake, na sidhani kama yahitaji kufasiriwa kwa mama wa Kibokoni au wa Kizingitini. Yamesemwa na huku, kwa lafudhi yetu.

ALIYOYAFANYA

Mwaka 2003, akiwa na miaka 16, alishinda ubingwa wa wasichana wa Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, akiwa pamoja na Alisa Kleybanova wa Urusi. Mwaka 2005 ndio uliomfanya ajulikane kila kibanda cha chai cha India. Mwezi wa Januari, mjini Melbourne, alifika raundi ya tatu ya mashindano ya Australia, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kihindi aliyepata kulifanya katika mashindano makuu ya tenisi, akatolewa na Serena Williams. Mwezi uliofuata akashinda mashindano ya mjini kwake Hyderabad, akawa Mhindi wa kwanza wa kike kutwaa taji la mmoja mmoja katika ligi ya wanawake wa dunia. Na katika mashindano ya Marekani ya mwaka huo huo alifika raundi ya nne, akasimamishwa na Maria Sharapova.

Silaha yake ilikuwa pigo la mkono wa kulia. Hakuwa mrefu wala mwepesi kupita wenziwe, lakini mpira ukimfikia upande ule, ulirudi kama uliorushwa kwa kombeo. Mwaka 2007 alipanda hadi nafasi ya 27 duniani, na hakuna mwanamke wa India aliyemfikia kabla yake.

Lakini pigo lile lile lilimgharimu. Kifundo cha mkono wa kulia kiliumia, akapasuliwa mwaka 2008, na baada ya miaka michache akauacha mchezo wa mmoja mmoja. Wengi wangalihesabu kwamba habari zake zimekwisha. Yeye akahamia mchezo wa wawili wawili, na huko ndiko alikovuna. Mwaka 2009 alishinda ubingwa wa Australia wa mchanganyiko wa mume na mke pamoja na Mahesh Bhupathi, likawa taji kuu la kwanza kwa mwanamke wa Kihindi. Mwaka 2012 wakashinda tena wawili hao nchini Ufaransa. Mwaka 2014 akashinda Marekani pamoja na Bruno Soares wa Brazil.

Tarehe 13 Aprili 2015 akawa wa kwanza duniani katika mchezo wa wawili wawili, na kwa jumla alikaa juu ya kiti hicho majuma 91. Mwenziwe wakati huo alikuwa Martina Hingis wa Uswisi. Mwaka huo wawili hao walishinda Wimbledon, katika fainali ambayo walikuwa wameachwa 5 kwa 2 kwenye seti ya mwisho, wakageuza. Wakashinda Marekani, na mwanzo wa 2016 wakashinda Australia. Walipita mechi 41 mfululizo bila ya kushindwa. Vikombe vyake vya wawili wawili vya wanawake vilifika 43, na mataji makuu yakawa 6.

LAWAMA ZA NYUMBANI

Hayo ndiyo aliyowaletea watu wake. Nao walimletea nini?

Mwaka 2005, siku zile zile alipokuwa akipanda, zilienea habari kwamba baadhi ya wanazuoni wameyalaumu mavazi yake ya uwanjani, na alipokwenda kucheza Kolkata polisi walilazimika kuuzidisha ulinzi wake. Mwaka 2007 aliingia katika eneo la msikiti maarufu wa Hyderabad, Mecca Masjid, kupigwa picha za tangazo la biashara. Watu wakakasirika, naye akaomba radhi. Haukupita muda ikatokea picha iliyomwonyesha ameketi, miguu yake ikiwa karibu na bendera ya India, na mtu mmoja akaipeleka shauri mahakamani. Huku analaumiwa na Waislamu kwa kuwa si Mwislamu wa kutosha, na huku analaumiwa na wengine kwa kuwa si Mhindi wa kutosha. Mwanzo wa 2008 akatangaza kwamba hatacheza mashindano ya Bangalore, kwa kuwa kila achezapo India huzuka jambo.

Hii ndiyo siku iliyomgeuzia methali yetu. Mcheza kwao alikuwa hatunzwi; alikuwa anahukumiwa.

Alirudi. Mwaka 2010 alicheza New Delhi katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, akaipatia India nishani ya fedha. Mwaka huo huo aliolewa na Shoaib Malik, mchezaji wa kriketi wa Pakistan, na hapo ikafunguka lawama nyingine. Mwaka 2014, jimbo jipya la Telangana lilipomteua kuwa balozi wake, mwanasiasa mmoja alisema hafai kwa kuwa ni mke wa Pakistan. Sania alilia mbele ya televisheni, akasema yeye ni Mhindi na atakuwa Mhindi mpaka mwisho wake. Mwaka 2016, akiwa ndiye wa kwanza duniani, mwandishi mmoja maarufu alimwuliza ni lini atatulia azae. Akamjibu kwamba aonekana amehuzunika kwa kuwa yeye hakuchagua uzazi badala ya kuwa wa kwanza ulimwenguni. Mwandishi yule, kwa insafu yake, alimwomba radhi pale pale.

Alipozaa, mwezi wa Oktoba 2018, hakuacha. Alirudi uwanjani Januari 2020 huko Hobart, Australia, na mashindano ya kwanza baada ya uzazi akayashinda, pamoja na Nadiia Kichenok wa Ukraine.

MANENO YA BARAZANI

Habari hizi nilizizungumza barazani kwetu Mji wa Kale baada ya sala ya alasiri. Maalim mmoja ninayemheshimu, tuliyesoma chuo kimoja, alinitazama juu ya miwani yake.

"Bwana mwandishi," akasema, "wewe umeihitimu Kurani kama mimi. Leo wamsifu binti aliyecheza miguu wazi mbele ya walimwengu?"

"Maalim, mavazi sikuyasifu," nikamjibu. "Hukumu ya sitara waijua kuniliko, wala gazeti haliwezi kuigeuza. Nalosifu ni kazi ya miaka 20, na wazazi waliosimama na mtoto wao, na mtu aliyelaumiwa akavumilia bila ya kutukana dini yake wala nchi yake."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hayo ya subira nayakubali. Lakini vijana hawatenganishi. Wakimwona mtu anasifiwa, humfuata mzima mzima."

Neno lake lina uzito, na silidharau. Lakini mzee mwingine pale, fundi wa majahazi, mwenye mjukuu wa kike anayecheza mpira wa wavu shuleni, alimjibu kabla yangu. "Maalim wangu, mjukuu wangu acheza na mtandio wake kichwani na suruali ndefu. Akishinda, nani wa mtaani huja kumpongeza? Hakuna. Siku aliyocheza mtandio ukamwanguka, walikuja watatu kunambia."

Hakuna aliyemjibu. Waama, hilo ndilo jambo lenyewe. Sisi ni hodari wa kuona mtandio ulioanguka, na wazito wa kuona kikombe kilichoshindwa. Na mtoto anayelaumiwa akikosa na asishukuriwe akifanya, mwisho hutafuta wa kumshukuru kwingine.

Tena wakati nao umebadilika. Tangu mwaka 2014 sheria za kandanda za dunia zaruhusu wanawake kucheza na hijabu, na tangu 2019 ligi ya tenisi ya wanawake yaruhusu mchezaji kuvaa suruali za kubana ndefu bila ya sketi. Binti wa leo atakaye kucheza na kujisitiri amefunguliwa mlango ambao Sania alipoanza haukuwa wazi hivyo. Na asiseme mtu kwamba tenisi ni ya wengine: mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alishinda kikombe kile kile cha wasichana wa Wimbledon cha wawili wawili ambacho Sania alikishinda 2003. Naye Ons Jabeur wa Tunisia, Mwislamu na Mwarabu, alicheza fainali ya wanawake ya Wimbledon mwaka 2022 na tena 2023.

KUAGANA MARA TATU

Sania aliaga mara tatu, na kila mara kwa mji wake.

Kwanza ilikuwa Melbourne, tarehe 27 Januari 2023. Yeye na Bopanna walifika fainali ya mchanganyiko wa mume na mke, wakashindwa na Luisa Stefani na Rafael Matos wa Brazil. Akishika kipaza sauti, sauti ilimkatika. Akakumbusha kwamba safari yake ilianza katika mji ule ule mwaka 2005 alipokutana na Serena, na akasema hakudhani atapata kucheza fainali kuu mbele ya mwanawe, aliyekuwa na miaka 4. Bopanna naye alikuwa akifuta macho.

Pili ilikuwa Dubai, tarehe 21 Februari, mji aliokuwa akikaa miaka mingi, na ambao vijana wetu wengi wa pwani pia wameuendea kutafuta riziki. Alicheza pamoja na Madison Keys wa Marekani, wakashindwa katika raundi ya kwanza na Veronika Kudermetova na Liudmila Samsonova, 6-4, 6-0. Hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano yake ya mwisho. Kwa sheria ya mchezo, kazi ilikuwa imekwisha, na angaliweza kuishia hapo.

Lakini kwa ada ya watu kazi haikwisha. Msafiri hamalizi safari bandarini kwa watu, humalizia kwao. Ndipo ikawa ya tatu, Hyderabad, siku kumi na mbili baadaye. Wale waliokuwa hawajazaliwa aliposhinda 2005 walikaa bega kwa bega na waliokuwapo. Sitaki kudai kwamba kila aliyemlaumu alikuja kumwomba radhi. Mambo ya walimwengu hayaendi hivyo. Lakini mji ulitoka, ukapiga makofi, ukamwita kwa jina lake, na yeye akalipokea. Deni la methali likalipwa.

RADHI

Huku kwetu, mtu akiazimia kwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba. Hushika mikono ya majirani, akasema: nisameheni nililowakosea, mimi nimewasamehe. Wapo ambao hawajasemeshana miaka, na siku hiyo husemeshana. Mkwezi wa minazi humwendea tajiri wa shamba, na tajiri humwendea mkwezi.

Mwezi wa Juni 2024, mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya kuagwa Hyderabad, Sania alitangaza kwamba amejaaliwa kwenda Hija. Katika tangazo hilo aliwaomba watu wamsamehe makosa na mapungufu yake, na wamkumbuke katika dua. Mwanzo wa mwaka huo zilikuwa zimetoka habari za kuachana kwake na mumewe, kwa hiyo haukuwa mwaka mwepesi kwake. Niliposoma maneno yale niliyatambua mara moja. Ni maneno ya mtu wa kwetu anayeshika mikono ya majirani kabla ya kupanda jahazi.

Maalim wangu nilimsomea. Akasema, "Mwenyezi Mungu amtakabalie." Kisha, baada ya kitambo, akaongeza: "Na yule mjukuu wa fundi, mechi yake ni lini?"

Hyderabad, Sania ameacha chuo cha tenisi alichokifungua mwaka 2013, ambako watoto hufunzwa kwenye viwanja vizuri kuliko vile vya samadi alivyoanzia yeye. Hao watacheza kwao. Na sisi tuna watoto wetu wanaocheza kwao, katika viwanja vya shule na vya mchanga, kutoka Vanga hadi Kiunga. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote tunayemwonea haya kumsifu mpaka aondoke, nimeandika ubeti huu:

Safari ikishafika, mwenda mpeni mkono,
Radhi naye akitaka, msimjibu kwa neno,
Wema aliouweka, usemeni kwa mfano,
Mpeni sifa yu hai, azisikie mwenyewe.